Jinsi Bwana Alivyoniondolea Hofu ya Kuzikwa Ugenini

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa Uvira. Na asifiwe tena, maana ninyi wa nyuma sikuwasikia.

Mnanijua. Mimi ni Mama Samweli, mke wa Yakobo aliyekuwa mzee wa kanisa hapa. Wengi mmekwisha kusikia habari za mume wangu, lakini naomba mningoje, nitafika huko. Nimesimama leo kushuhudia jinsi Bwana alivyonitoa katika hofu iliyonishika kwa miaka mingi. Sikuwa naogopa kufa. Nilikuwa naogopa kuzikwa ugenini.

Msicheke, mabinti wa kwaya. Mimi ni mtu wa Lemera, wa milimani. Kwetu mtu akifa, ukoo wake ndio unaomchimbia kaburi, unamlilia, unakaa na mjane wake mpaka aweze tena kupika. Mgeni ana nani? Nilipohamia hapa Uvira nilimwona mpagazi mmoja aliyefia bandarini Kalundu, mtu wa mbali, hana ndugu. Wapagazi wenzake walimzika upesi, wakarudi kupakia mizigo, na hakuna hata mmoja aliyejua jina la mama yake. Jambo lile liliniingia moyoni likakaa.

Basi kanisa likatafuta mume na mke wenye umri wavuke ziwa, wakakae Urundi na kundi dogo la waamini, wavuvi na wakulima, wasio na mchungaji. Tulikuwa tumeketi hapahapa. Mume wangu akanyoosha mkono bila hata kuniangalia. Nilimfinya paja, lakini mkono ulikuwa umekwisha kwenda juu.

Tukavuka. Ndugu zangu, wale watu walitupokea vizuri! Walitupa nyumba, walituletea samaki wadogo wa ndagala na mafuta ya mawese, na kwa kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu wakanipa jembe na shamba nyuma ya nyumba. Nikalima. Nikapanda maharagi. Yakakomaa, nikavuna, nikapanda maharagi tena. Mvua ikikatika na anga ikitakata, nilisimama katika shamba lile nikaiona milima yetu ng'ambo ya maji. Niliitazama sana. Mume wangu aliniambia nitaitoboa kwa macho.

Lakini kulikuwa na jambo lililoniuma. Wanawake wa kanisa walinisalimia kwa heshima, waliimba nami, ila hakuna aliyeniambia shida yake. Nikiwauliza habari za nyumbani, wote wazima. Jirani yangu akafukuzwa na mume wake, akalala kwa dada yake siku kadhaa, na mimi mke wa mchungaji nikazisikia habari hizo kisimani. Nikamwendea Mama Yuliana, kiongozi wa wanawake, nikamwuliza nimewakosea nini.

Alinivuta kando ya nyumba. Kisha akasema, "Mama, usikasirike. Weye unapanda maharagi tu. Maharagi ni ya mutu iko na safari. Batu wanaangalia shamba yako wanasema, huyu mama iko njiani. Sasa nani atafungulia moyo mutu iko njiani?"

Nikamwuliza nipande nini basi.

"Ndizi, mama. Mutu akipanda ndizi, anakaa."

Nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikifoka peke yangu. Kumbe siku zote nilipokuwa nikiwafundisha neno la Mungu, wao walikuwa wakilisoma shamba langu! Na walisoma sawasawa, ndugu zangu, hapo ndipo paliponichoma. Sikupanda mgomba kwa sababu mgomba unamshika mtu. Unauacha kwa nani?

Tukiwa hivyo, mume wangu akashikwa na homa. Dawa ya zahanati haikumsaidia. Akakonda, mpaka kunywa uji ni kwa kuinuliwa kichwa. Habari zikafika Kalundu, ambako mtoto wetu Samweli anafanya kazi ya kupakia mizigo, naye akaja na mashua kutuchukua. Nilifurahi kumwona, siwafichi. Nilikuwa nimekwisha kufunga vitu vyetu.

"Mama, tuende," Samweli akasema. "Baba tutamubeba. Mukifia huku, nani atawazika?"

Mume wangu akafungua macho kitandani. "Mama Samweli, weye enda na mutoto. Minye nabaki. Sikukuja kutembea."

Nikatoka nje, nikapiga magoti katikati ya maharagi yangu. Nililia. Nilimwambia Bwana, nimechoka na hofu hii. Nimeibeba tangu Uvira, nimevuka nayo ziwa, na sasa nimeisikia kinywani mwa mtoto wangu kana kwamba ameinyonya kwangu. Ndugu zangu, sikusikia sauti wala sikuona nuru. Nilishika udongo mkononi, nikajua tu kwamba udongo ule ulikuwa wa Bwana kama ule wa Lemera, na kwamba aliyenijua kule alinijua na pale. Moyo ukatulia. Nilikaa muda nikingoja hofu irudi, maana tulizoeana. Haikurudi.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Yuliana, magoti yana matope. Nikamwambia, "Naomba miche ya ndizi."

Alichukua jembe lake akaenda nyuma ya nyumba, akiwaita wenzake. Kabla jua halijawa kali shamba langu lilikuwa limejaa wanawake, kila mmoja na mche aliouchimba kwake, na yule jirani aliyefukuzwa alikuwa miongoni mwao. Samweli alisimama mlangoni na mizigo yetu mkononi, hajui aiweke wapi. Nikamwambia aiweke chini, achimbe mashimo.

Wakati tunafukia miche, yule jirani akaanza kuongea, akiinamia jembe, bila kuniangalia. Alinieleza yote ya mume wake. Siku ile nilianza kuwa mama wa kanisa lile. Na Bwana, kwa rehema zake, akamwinua mume wangu. Homa ikamwacha, akahubiri tena, tena kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwaamsha ninyi hapa.

Sasa nafika kwenye habari mliyoisikia. Migomba ilikuwa imezaa na kuzaa tena, ndipo Bwana alipomwita mume wangu. Alitoka ibadani, akaketi kivulini ukutani, akaniomba maji. Niliporudi na kikombe alikuwa amekwisha kwenda. Niliumia, nami naumia bado. Lakini lile nililoliogopa miaka yote ile halikutokea.

Wanaume wa kanisa walifika na majembe, wakaanza kugombana nje ya nyumba yangu. Nilitoka kuwanyamazisha. Nikasikia wanagombania nini. Wavuvi walisema wachimbe wao, kwa kuwa huyu alikuwa baba yao. Wakulima wakasema, baba yenu tangu lini, ninyi mko majini kila siku? Nikawaambia wachimbe kwa zamu, wakachimba kwa zamu. Mume wa yule jirani yangu ndiye aliyeingia shimoni wa kwanza.

Samweli alifika tulipokuwa tumekwisha kuzika. Alikuja kunichukua. Alikuta watu wamejaa uani, Mama Yuliana amelala kwenye mkeka pembeni yangu, binti yake anapika. Akaketi chini karibu nami.

"Mama," akasema, "hawa bamemulilia baba kutupita siye."

Hakutaja tena mashua.

Basi nimekuja kuwasalimu na kumshukuru Mungu mbele yenu. Watoto wangu wananiomba nibaki, nami nawapenda, lakini waamini wale wananingoja kule. Na kundi lile halina mchungaji sasa. Najua wamo humu mzee na mke wake ambao wangeweza kwenda, na najua mmoja wao amekwisha kumfinya mwenzake paja. Dada yangu, mwache ainue mkono wake. Mwamini Bwana. Hutazikwa na wageni, maana kwake hakuna wageni.

Mashua inaondoka Kalundu Jumatatu asubuhi. Mimi nitakuwamo.