Kozi Tatu za Kanku

Jumamosi tarehe 17 Aprili 1993, saa mbili asubuhi, treni iliingia stesheni ya Kolwezi. Hakuna aliyesema itaondoka saa ngapi. Familia zenye asili ya mkoa wa Kasai, zilizofukuzwa majumbani mwao kwa sababu ya asili hiyo, zilikuwa zimelala hapo wiki tatu kati ya magodoro na masufuria. Ng'ambo ya barabara, benchi la kahawa la Mama Godelieve lilikuwa na watu wake: Kisimba, mwalimu mstaafu aitwaye Préfet, na Abedi msafirishaji, aitwaye Transit. Ngeleka, mmoja wa waliofukuzwa, fundi umeme aliyekunywa kahawa hapo miaka tisa, aliacha mizigo yake stesheni akavuka kuja kukaa nao.

Walibishana juu ya binti yake, Kanku. Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, lakini kila Jumamosi institut moja, chuo cha mjini, iliwaruhusu wanafunzi kama yeye kusoma kozi za mwaka wa kwanza wa chuo. Aliyefaulu alipewa karatasi. Akiingia chuo, kozi hizo hazirudiwi. Kanku alikuwa amefaulu tatu.

— Kule Kasai batazikubali, Préfet akasema. Programme ni moya, Zaïre nzima. Fizikia ya hapa njo fizikia ya Mbuji-Mayi.

— Wapi! Mi nabeba bitu miaka makumi mbili, Abedi akajibu. Kitu ikivuka mupaka ya mukoa, inapungua. Kozi tatu za Kolwezi, kule mbili.

— Kozi aiko mihogo, Transit.

— Ata mihogo inasafiri muzuri kupita karatasi.

Mama Godelieve alimimina kahawa.

— Mi sielewe. Mutoto ajamaliza secondaire, anasoma chuo namna gani?

— Kidogo kidogo inajaza kibaba, mama, Préfet akasema. Leo kozi tatu, kesho kumi. Siku moya mutoto atamaliza chuo mbele ya secondaire.

— Basi atakuwa mwalimu yake yeye mwenyewe, Abedi akasema.

— Na akichelewa masomo, atajipiga fimbo! Préfet akasema.

Ngeleka alicheka. Kisha akauliza:

— Préfet, karatasi ya mutoto iko muzuri?

Alikuwa amempa Préfet aitunze tangu Alhamisi, mvua ilipolowesha mizigo. Préfet aliitoa ndani ya kitabu. Ilikuwa inang'aa.

— Jana niliitia mu plastique, nikapiga pasi ya makaa ya mama. Mvua aitaigusa tena.

— Na moto je? Ngeleka akauliza.

— Mayi ya moto aichomake nyumba, baba.

Kanku alivuka barabara akikimbia. Alisalimia wote, akamwambia baba yake kwamba watu wameanza kupanda. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Akaisoma, kisha akapitisha kidole gumba kwenye kona ya chini, mara mbili.

— Baba Préfet, sceau iko wapi?

Muhuri wa institut ile hauna wino. Hubonyezwa kwa chuma, nao huacha alama iliyoinuka. Ofisini hawausomi, huugusa kwa kidole. Karatasi isiyo na kitu cha kugusa huitwa ya uongo. Pasi ilikuwa imeulaza muhuri ukawa sawasawa na karatasi.

Préfet aliinua kikombe kilichokwisha kahawa, akakirudisha.

— Nilifundisha batoto miaka makumi tatu, akasema. Ningojeeni.

Aliondoka kwa miguu kuelekea institut, kuomba karatasi nyingine. Ilikuwa saa nne.

Treni iliondoka saa sita na dakika ishirini. Ngeleka na Kanku walikuwa ndani. Kanku alikuwa na karatasi yenye plastiki.

Préfet alirudi saa tisa na karatasi mpya. Alieleza kilichomchelewesha: katibu anayetunza chuma cha muhuri ni mtu wa Kasai, naye alikuwa amepanda treni ileile na ufunguo wa kabati mfukoni. Mkurugenzi alivunja kufuli. Mama Godelieve na Abedi waligusa kona ya karatasi, mmoja baada ya mwingine.

Abedi alimwita dereva wa lori anayekwenda Mwene-Ditu, mji wa Kasai ambako treni ile ya polepole ingefika baada ya siku nyingi.

— Nitaipeleka, dereva akasema. Banakaa avenue gani?

Préfet alimtazama Abedi. Abedi alimtazama Mama Godelieve. Ngeleka alizaliwa Kolwezi. Kanku pia. Kule Kasai hawakuwa na anwani.

— Kahawa imeisha, Mama Godelieve akasema.

Lori liliondoka Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Dereva alikuwa na bahasha ya karatasi, bila plastiki. Juu yake Préfet alikuwa ameandika: «Kanku Ngeleka, kozi tatu, stesheni ya Mwene-Ditu.»