Nilivyomfukuza Mwanangu kwa Ajili ya Chama

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa, hata na mtu aliyechelewa kama mimi.

Naitwa Mzee Yohana, nasali hapa Nguvumali. Nimekuwa mzee wa kanisa na balozi wa chama wa nyumba kumi kwa miaka mingi. Nilikulia wakati wa chama kimoja, nikaamini kwamba anayekiacha chama ameiacha nchi, na aliyeiacha nchi hamjui Mungu. Biblia haikunifundisha hayo. Nilijifundisha mwenyewe.

Mwanangu Elia, fundi umeme, akaingia upinzani na kugombea udiwani. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa adabu. Nikamjibu, "Toka. Nyumba hii haikai msaliti."

Mke wangu Esta akanisihi, "Baba Elia, mtoto anataka maji yatoke bombani. Kosa lake nini?"

Sikumsikiliza. Jumapili nilisimama mbele ya waumini nikamwombea Elia kama mtu aliyepotea, naye ameketi benchi la nyuma. Akaondoka kabla ya sadaka. Akahamia Moa, kijiji cha wavuvi.

Miaka sita Esta alipanda basi kwenda kumwona. Akirudi na samaki aliopewa na mwanawe, mimi sili. Kisha akapigwa na kiharusi. Asubuhi moja, maneno yakimtoka kwa shida, akasema, "Niitie mwanangu."

Nikamwambia, "Kesho."

Ndugu zangu, Esta alifariki jioni ile.

Aliyempigia Elia simu ni jirani yetu, Bi Mwanaidi, Mwislamu, ndiye aliyekuwa akimwogesha Esta tangu augue. Elia alifika siku ya maziko, akasimama nje ya turubai kama mgeni. Nilimwona nikageuza uso. Bi Mwanaidi akanijia.

"Mzee, mimi si wa kanisa lako wala si wa chama chako, na miaka yote hii nakula kwako. Huyu uliyemzaa amekushinda nini?"

Kiburi changu chote kilivunjika pale. Niliomba kimoyomoyo, "Yesu, sijui pa kuanzia." Nikainuka, viongozi wenzangu wa chama wakiniangalia, nikamfuata mwanangu nje ya turubai.

"Elia, nimemnyima mama yako kukuona. Nimekukosea wewe, nimemkosea Mungu."

Hakunikumbatia. Alilia, kisha akanishika mkono. "Baba, twende tukamzike mama."

Tangu siku hiyo chuki ile imeniacha. Bado hatukubaliani. Uchaguzi uliopita tulipanga foleni pamoja, kila mtu na kura yake, tukarudi nyumbani kula. Nchi hii ni yake kama ilivyo yangu. Nimechelewa kuliona hilo, na Esta hakutuona tukipatana. Jambo hilo linaniuma kila siku.

Namshukuru Mungu aliyenirudishia mwana ambaye sikustahili. Nawe uliyemfukuza wako, mwamini Yesu, atakupa maneno yaliyokushinda. Ila inuka leo, mpigie simu wakati mama yake angali hai.