Raili Moilanen na Shabaha za Jirani

Mchungaji, Osmo na wanao, ndugu wa ukoo wa Moilanen, wanachama wa klabu ya skii ya Kuusivaara, wachezaji wa zamani wa timu ya taifa ya Finland, majirani, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Uswidi katika baridi hii, poleni na karibuni. Kahawa ipo, supu ya samaki inapashwa, na wakati tunaingoja familia inaomba masikio yenu.

Anayewasomea ni Ahti, mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu, mpishi wa meli za mizigo aliyekanyaga bandari za mabara matano bila kujifunza lugha za huko zaidi ya kuomba chumvi, naye amepewa kazi hii si kwa ufundi wa kusoma, bali kwa kuwa katika ukoo mzima yeye ndiye pekee anayeweza kutamka sentensi tatu mfululizo bila kutoka nje kukagua kuni.

KUZALIWA

Raili Tuulikki Moilanen alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, hapa Kuusivaara, mkoa wa Kainuu, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Vilho Moilanen, mkata magogo, na mama Hilja, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mama Hilja alikuwa akieleza kwamba binti huyu alipanda skii kabla hajaacha nepi, na wengi tungemwona mama anatia chumvi kama si picha iliyoko ukutani pale, nyuma ya meza ya keki, ambapo skii zinaonekana na nepi pia inaonekana.

ELIMU

Alianza shule ya msingi ya Kuusivaara mwaka 1972, akienda na kurudi kwa skii kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho, tofauti na mtoto fulani wa kaka yake aliyekuja kupelekwa shule hiyo hiyo kwa teksi ya halmashauri na bado akachelewa. Sekondari aliisoma Kajaani, akamaliza mwaka 1984, kisha akaenda Helsinki kusomea upimaji wa macho, akahitimu mwaka 1987. Kulenga shabaha alifundishwa na baba yake nyuma ya zizi, na cheti chake kilikuwa kwamba mzee Vilho, mtu asiyesifia kitu, siku moja alitazama makopo yaliyoanguka akasema, "Haya, inatosha, tukale."

KAZI NA NDOA

Mwaka huo wa 1987 aliajiriwa katika duka la miwani mjini Kajaani. Humo ndimo alimoingia dereva wa basi aitwaye Osmo Kettunen, aliyekuja kupimwa macho mara tatu katika wiki moja, akasoma kila herufi mpaka jina la kiwanda lililoko chini kabisa ya ubao, na mara ya tatu Raili akazima taa ya kupimia akamwambia, "Bwana, macho yako mazima, sema shida yako," naye Osmo, akiviangalia viatu vyake, akajibu, "Kuna dansi Jumamosi." Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1989, katika kanisa hili tulilotoka sasa hivi.

TIMU YA TAIFA

Raili aliitwa timu ya taifa ya mbio za skii na kulenga shabaha mwaka 1988. Watoto wa Kuusivaara mnajua mambo haya kuliko msomaji, lakini kwa ajili ya shangazi waliotoka mijini tukumbushane: mkimbiaji anateleza na bunduki mgongoni, anafika uwanjani, anasimama kwenye mkeka wenye namba ya nafasi aliyofika nayo, mbele yake kuna shabaha tano nyeusi, kila anayoipata inageuka nyeupe, na katika mbio za kupokezana ana risasi tatu za akiba, akishindwa hata kwa hizo, kila shabaha inayobaki nyeusi anaizungukia mzunguko mmoja wa adhabu.

Siku ya Jumapili, tarehe 17 Februari 1991, katika mashindano ya mataifa yaliyofanyika milimani huko Austria, timu yetu ya wanawake ilikuwa na Irmeli, Vuokko, Tellervo Hakkarainen aliyekuwa nahodha, na Raili wa mwisho, na Raili aliingia kwenye ulengaji wa mwisho akiongoza dunia nzima, huku Gunvor Lindell wa Uswidi akimfuata kwa mbali. Alisimama kwenye mkeka wa kwanza kama inavyotakiwa, akainua bunduki, akapiga risasi tano, shabaha tano zikageuka nyeupe, hakukosa hata moja, na nyumba zote za Finland zikaruka kutoka kwenye makochi, isipokuwa kwamba shabaha zile zilikuwa za mkeka wa pili.

Gunvor alipofika alikuta kazi yake imeshafanywa, akamgeukia mwamuzi akauliza, "Samahani, nani kanipigia?" Mtangazaji wetu wa televisheni akasema, "Naam. Lakini amepiga vizuri." Shabaha za jirani hazihesabiwi, Raili akabaki na zake tano nyeusi na risasi tatu za akiba, akapata moja, akazunguka mizunguko minne ya adhabu mbele ya kamera, na Finland iliyokuwa ya kwanza ikawa ya saba, wakati Uswidi, baada ya kurudishiwa shabaha zake, ilichukua dhahabu.

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomwumiza, kwa sababu ninyi nyote mliokaa hapa mnajua desturi yetu, mtu wa Kuusivaara hakwambii kwamba anakupenda, anakutania, na akianza kukusemesha kwa adabu ujue mambo yameharibika. Walimhurumia, basi wakawa na adabu. Muuza duka alimwita "bibi Moilanen" kana kwamba ni mgeni kutoka serikalini, jirani aliyekuwa akimtania kuhusu mwendo wake tangu utotoni akaanza kumwulizia hali ya hewa, na kazini wateja walikaa kwenye kiti chake wakiwa kimya kama wako kwa daktari wa meno, wakiogopa kwamba neno lolote kuhusu macho litamchoma. Alimwambia Osmo, "Siwezi tena kumwambia mtu atazame ubao wake," akaiandikia timu kwamba amejiuzulu, akaomba kazini ahamishiwe chumba cha nyuma kusaga lenzi, bunduki ikapandishwa darini kwa mama mkwe, na Osmo akabaki akiendesha basi lake huku hajui kama mke wake atarudi kutoka chumba kile.

Alhamisi tarehe 10 Oktoba 1991 Tellervo alishuka kwenye treni pale Kajaani. Naye alikuwa amepoteza medali siku ile, ana miaka thelathini na minne, mwenye haki ya kununa kuliko wote, akaingia dukani akasema hapimwi na mtu yeyote isipokuwa Moilanen, na kama Moilanen yuko nyuma atangoja, amekuja na mkate wake. Raili akatoka, hawakusalimiana sana, akamkalisha, akawasha taa ya ubao, akamwambia asome mstari wa tatu. Tellervo akakodoa macho, akasoma kwa sauti ya darasani, "Fremu za chuma, marka mia nne tisini. Fremu za plastiki, marka mia mbili."

"Tellervo, hayo ni matangazo ya ukutani."

"Nimeyasoma vibaya?"

"Umeyasoma sawasawa, ila si ubao wako."

"Ahaa," akasema Tellervo. "Kumbe inatokea."

Mwenye duka anasimulia kwamba Raili alikaa chini sakafuni akacheka, akacheka mpaka wateja wawili wakavua miwani waliyokuwa wakiijaribu, akacheka akalia akacheka tena, na Tellervo akamshika bega akasema, "Ninyi watu wa Kainuu mmemwonea huruma miezi minane, angekufa huyu. Jumatatu mazoezini, dada. Usipokuja namchukua Osmo, na unajua lile tumbo halipandi kilima."

Alikwenda. Majira matatu ya baridi alikuwa mchezaji wa akiba, akibeba skii za wenzake na kupasha chai, mpaka mashindano yalipokuja mkoani kwetu, na kocha akampa tena nafasi ya mwisho katika mbio za kupokezana, Jumapili tarehe 5 Machi 1995, huku magazeti yakiuliza kama kocha naye apimwe macho. Raili aliingia kwenye ulengaji wa mwisho akiwa wa tatu, Gunvor akiwa nyuma yake kidogo, uwanja umejaa, watu wameshika pumzi, na kabla hajaishusha bunduki mgongoni bibi mmoja aliyevaa kofia ya sufu akapaza sauti, "Raili! Mkeka wa tatu, mwanangu! Shabaha za tatu!" Kisha wa pembeni akadakia, kisha jukwaa zima, maelfu ya watu waliokuwa na adabu kwa miaka minne wakaanza kupiga kelele, "Wa tatu! Wa tatu!" na wengine wakimwonyesha vidole vitatu vya glavu.

Raili alisema baadaye kwamba mtu hawezi kulenga huku anacheka, risasi ya kwanza ilikwenda msituni, akashusha bunduki, akangoja tumbo litulie, akapiga nne zikaingia zote, ya tano akaipata kwa risasi ya akiba, shabaha zake mwenyewe, zote nyeupe, akaondoka bila mzunguko hata mmoja. Finland ilipata medali ya shaba, Uswidi ya nne, na Gunvor alipofika mstari wa mwisho alimwangukia Raili shingoni akihema, akamwambia kwa Kifini chake cha kubahatisha, "Safari hii umenisahau, dada." Tangu siku hiyo hawakupitisha kiangazi bila kutembeleana.

Alistaafu mbio mwaka huo huo, akarudi kwenye kiti cha mbele cha duka, akajaliwa watoto wawili, Inka mwaka 1996 na Lauri mwaka 1998, na kuanzia mwaka 2001 akawafundisha watoto wa klabu yetu kila Jumapili, wenye vipaji na wasio navyo, akiwatania wote sawasawa, na kwa kipimo hicho msomaji huyu, aliyejaribu mara moja akiwa mtu mzima na kuanguka akiwa amesimama, alipendwa kupita kiasi.

UGONJWA NA KIFO

Mwezi Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa katika hospitali ya mkoa, akapata nafuu majira ya kiangazi, kisha hali ikarudi. Tarehe 19 Januari mwaka huu aliangalia mbio za kupokezana za wanawake akiwa kitandani, Tellervo amekaa miguuni pake, timu yetu ya vijana ikamaliza ya tano, Tellervo akaguna, naye Raili akasema, "Usigune. Wamekimbia vizuri, na wa kwanza wao ana miaka ishirini. Ngojeni tu." Alifariki Jumanne tarehe 28 Januari 2025, asubuhi, mikononi mwa Osmo na watoto wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu bila kumnyima utani, wafanyakazi wenzake, majirani waliofagia theluji uani kwetu wiki hizi mbili bila kuombwa na bila kukubali kuingia kunywa kahawa, na Irmeli, Vuokko na Tellervo waliobeba jeneza leo pamoja na Inka na Lauri. Osmo alipohesabu wabebaji akaona watano, akapiga simu Uswidi, akasema, "Gunvor, tumepungukiwa mtu mmoja," naye akajibu, "Najua. Nimeshavuka mpaka wa Haparanda."

Mwisho ni tangazo, na ni agizo la marehemu mwenyewe: kesho Jumapili saa nne asubuhi mazoezi ya watoto yako palepale, hayaahirishwi kwa ajili ya msiba, Tellervo na Gunvor watasimamia wakishakubaliana lugha, na wazazi leteni glavu za akiba, kutakuwa na baridi.

Pumzika sasa kwa amani yako, shangazi Raili. Watoto kumi na tisa wamejiandikisha.