Bi. Ansuya Himatlal, Mwalimu Aliyekiri Kukumbuka Vibaya

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Ansuya Himatlal anastaafu baada ya kufundisha saikolojia katika Chuo cha Ualimu cha Mugutha kwa miaka thelathini na minne. Aliripoti kazini Mei 1991, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, akitokea nyumbani kwao Thika. Tangu siku hiyo hakuhamia Ruiru, karibu na chuo, wala hakuomba uhamisho. Kila asubuhi alikuja, kila jioni alirudi, na wanachuo wengi walijifunza kusoma saa kwa mlio wa gari lake.

Gari hilo linastahili aya yake. Katika mwaka wake wa pili hapa, alitoka darasani akazunguka uwanja mzima akilitafuta. Wanachuo walicheka hadi wakashika matumbo: mwalimu wa kumbukumbu amesahau gari! Bi. Ansuya hakukasirika. Kesho yake alianza somo kwa kusema, "Jana sikusahau nilipoliegesha. Nilipokuwa naliegesha nilikuwa nawaza mengine, kwa hiyo halikuingia akilini tangu mwanzo. Kusahau na kutokuweka akilini ni makosa mawili tofauti. Mtoto akishindwa kujibu swali lako, jiulize kwanza ni lipi kati ya hayo mawili." Walimu walio kazini leo bado hunirudishia maneno hayo karibu neno kwa neno.

Ndivyo alivyofundisha. Aliandika tarakimu kumi ubaoni, akazifuta baada ya sekunde tano, na hakuna aliyeweza kuzirudia. Kisha akaandika nyingine kumi, safari hii amezikata kama namba ya simu, nne, tatu, tatu, na darasa zima likazisema bila kukwama. Aliwaeleza kwamba akili tunayoitumia kufikiria kwa wakati mmoja ni kama kibao cha kusukumia chapati: hakiwezi kubeba unga wa harusi nzima. Unasukuma moja, unaitoa, unaweka nyingine. Mengi yanayogusa macho na masikio hupotea kabla hayajafika kwenye kibao hicho. Machache yanayorudiwa na kupewa maana ndiyo yanayoingia stoo, na huko yanaweza kukaa maisha.

Mwaka 1996 alichora mfano huo kwenye ukuta wa Darasa la Nne, chumba alichofundishia: visanduku vitatu, hisia kwa kijani, kibao kwa njano na stoo kwa buluu, na mishale kati yake yote ikielekea upande mmoja. Kuanzia 2003 alikuwa mkuu wa idara kwa miaka kumi na sita. Aliandika kijitabu kuhusu jinsi mtoto anavyokumbuka, na kwa sababu ya kijitabu hicho shule kadhaa kati ya Kahawa Wendani na Juja ziliacha kuwaadhibu watoto kwa kusahau, zikaanza kuwauliza maswali mafupi kila asubuhi.

Ningeweza kuendelea na sifa hizo hadi ukurasa wa mwisho. Lakini aliposikia kwamba mimi ndiye nitakayeandika, alinifuata ofisini akasimama mlangoni.

"Warigia," aliniambia, "andika habari ya Mwanzia. Usipoiandika, utakuwa umeandika juu ya mtu mwingine."

Basi naiandika.

Ilikuwa Jumamosi ya Machi 2011, wakati barabara kuu ya kwenda Thika ilikuwa bado inajengwa na vumbi lake likitufuata hadi vitandani. Bi. Ansuya alikuwa akitembea karibu na soko la Thika. Alinunua njugu karanga kwa mchuuzi mmoja, akapiga hatua chache, na mtu akamsukuma kutoka nyuma, akampokonya mkoba na kutokomea kati ya malori. Ndani ya mkoba mlikuwa na funguo, miwani ya kusomea na picha pekee aliyokuwa nayo ya mama yake akiwa msichana. Alianguka akachubuka viganja.

Alijikokota hadi duka la vifaa vya ujenzi ambalo baba yao marehemu aliwaachia, na ambalo ndugu yake mdogo, Raj, analiendesha. Kabla hajampigia mtu yeyote simu, aliomba daftari, akaandika yote aliyoyakumbuka. Aliona yatamfaa siku moja darasani. Kisha akalifunga daftari, akalichanganya na vitabu vyake, na hakulifungua tena.

Wiki hiyo kila mtu alitaka kusikia kisa hicho, naye akakisimulia. Mimi mwenyewe nilikisikia mara nne katika chumba cha walimu. Mara ya kwanza mwizi hakuwa na uso. Kufikia mara ya nne alikuwa na uso mwembamba, macho makali na fulana nyekundu. Hakuna kati yetu aliyeona mabadiliko hayo, wala yeye mwenyewe. Nasema hivyo leo, ingawa baada ya mambo yaliyofuata siwezi kuapa hata kuhusu zile mara nne.

Jumamosi iliyofuata alikuwa barazani pa duka la Raj. Mchuuzi akapita na beseni la njugu.

"Ndiye huyu!" Bi. Ansuya alipiga kelele. "Raj, ndiye huyu!"

Watu walijaa mara moja. Mmoja alikuwa tayari ameokota jiwe. Raj alimsukumia yule mchuuzi ndani ya duka na kuziba mlango kwa mwili wake hadi polisi walipofika. Jambo hilo moja liliokoa maisha ya mtu, na Raj anastahili shukrani zake hapa.

Mchuuzi huyo aliitwa Mwanzia. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akiishi mtaa wa Kiandutu na mkewe Syokau na watoto wao wawili. Kituoni alimgeukia Bi. Ansuya akasema kwa upole, "Mama, si mimi ndio nilikuuzia njugu siku hiyo? Hebu niangalie vizuri."

"Ndiyo maana ulinifuata," alimjibu. "Uso wako siwezi kuusahau."

Mwanzia alikana shtaka mahakamani. Hakuwa na mtu wa kumdhamini, akarudishwa rumande.

Siku ya kumi na saba tangu akamatwe, Bi. Ansuya alikuwa akitayarisha somo la ushuhuda wa macho. Alilikumbuka lile daftari, akalitafuta. Nilikuwa nasahihisha insha aliponijia nalo mkononi. Aliliweka mbele yangu, juu ya kazi za wanafunzi.

"Soma," alisema.

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wake, umeyumba kidogo: *Nimenunua njugu kwa kijana wa fulana nyekundu, mcheshi. Ameniambia njugu zake zinaongeza akili. Hatua kama kumi, nikasukumwa kutoka nyuma. Koti la kijivu. Uso sikuuona.*

Nilisoma mara mbili. Nilipoinua macho, alikuwa ameketi na mikono mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Ulikuwa uso wa mwisho nilioutazama kabla sijaogopa," alisema. "Nimeuchukua nikampa mtu mwingine. Halafu kila niliposimulia, nikaukaza zaidi. Warigia, mtu yuko ndani kwa sababu alinichekesha."

Jioni hiyo alimwambia Raj. Raj alimsihi aache mahakama iamue. "Ukirudi sasa, watu watasema nini juu yetu hapa mjini?"

"Watasema nilikosea. Na ni kweli."

Asubuhi tulikwenda pamoja kituoni. Ofisa aliyeichukua taarifa ya kwanza aliiweka mezani, akamtazama. "Mwalimu, si uliniambia una uhakika?"

"Nilikuwa nao. Hata sasa nikifumba macho namwona yeye akikimbia na mkoba wangu. Namwona wazi kama ninavyokuona wewe. Lakini hakukimbia."

Alitoa taarifa mpya, akaambatanisha daftari. Mwendesha mashtaka aliiondoa kesi mahakamani, na Mwanzia akarudi nyumbani.

Nilidhani yameisha. Bi. Ansuya aliniomba nimsindikize Kiandutu. Tulimkuta Syokau anafua nje ya chumba chao. Alimtambua Bi. Ansuya mara moja, maana alikuwa amekaa naye ukumbi mmoja mahakamani. Hakutukaribisha.

"Umekuja kumwangalia tena vizuri?" aliuliza.

Bi. Ansuya alisema amekuja kuomba msamaha. Mwanzia alitoka, akaketi juu ya dumu la maji lililokuwa tupu. Alikuwa amekonda. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "Mama, kidole ulininyooshea mbele ya watu. Sasa msamaha unaniletea huku nyumbani, kimya kimya?"



"Wale watu bado wananiita mwizi," Mwanzia aliendelea. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi. Rudi pale pale ulisema."

Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi, duka likiwa limejaa wanunuzi, Bi. Ansuya alisimama barazani. Mwanzia na Syokau walisimama chini, kando ya barabara. Nilikuwa nimefika mapema, nikasimama kati ya wanunuzi.

"Jina langu ni Ansuya, binti ya Himatlal," alianza. Sauti ilikuwa ndogo, akalazimika kurudia. "Wiki nne zilizopita nilisimama hapa nikasema huyu ni mwizi. Si mwizi. Hakuniibia kitu. Ni mimi niliyekosea, na yeye akafungiwa siku kumi na tisa kwa kosa langu. Mwanzia, naomba unisamehe. Na nyinyi mlionisikia siku ile, naomba mlirudishe neno hilo kila mahali mlikolipeleka."

Mtu mmoja alicheka. Mwingine alisema, "Haya, hata wasomi hukosea." Raj alikuwa ndani, ameinamia mizani kana kwamba anapima misumari. Kisha akaiacha. Alitoka, akasimama bega kwa bega na dada yake, akashuka ngazi na kumpa Mwanzia mkono mbele ya wote. Mwanzia aliupokea. Alichukua beseni lake, akaenda kazini.

Muhula uliofuata, Bi. Ansuya alipanda juu ya dawati katika Darasa la Nne akiwa na rangi nyeusi na brashi. Aliongeza mshale mmoja kwenye ule mchoro wa zamani, kutoka stoo kurudi kwenye kibao. Kwa miaka ishirini, alituambia, alikuwa amefundisha stoo kama mahali ambapo kitu hukaa kama kilivyowekwa. Watafiti walikuwa wameshaonyesha kwamba tunapokumbuka tunajenga upya, kwa vipande vya kweli na vingine vya kuokota. Alikuwa akilisoma jambo hilo na kulitungia maswali ya mtihani. "Lakini sikulijua," alisema.

Mwaka 2012 alimwuliza Mwanzia kama angekubali kuja chuoni.

"Mtaniita mwizi huko pia?"

"Hapana. Wataniita mimi shahidi mbaya."

Akaja, na amekuja kila mwaka tangu hapo. Huingia katikati ya somo, huuza pakiti mbili tatu, hutania mtu, hutoka. Wiki moja baadaye Bi. Ansuya huwaomba wanachuo wamweleze mchuuzi yule. Wamempa ndevu, miwani, kilema cha mguu. Mwaka mmoja darasa zima liliapa kwamba alikuwa na kofia. Hapo ndipo Mwanzia hufungua mlango, kichwa wazi, na kuanza kuwasimulia kisa chake. Kicheko huisha taratibu. Nimewaona vijana wakaidi wakitoka darasani humo bila kusemezana.

Kwa miaka mingi Syokau hakuja. Alikuja mara moja, mwaka 2019, akaketi nyuma, akasikiliza. Baadaye nilimwona yeye na Bi. Ansuya wametoka nje, wamesimama karibu na tangi la maji, wanazungumza. Sikusogea, na sikuuliza.

Mapema mwezi huu ulifanyika mkutano wao wa mwisho darasani. Mwanzia ana mvi sasa. Alipomaliza kusimulia, mwanachuo aitwaye Cindy aliinua mkono. Aliuliza swali ambalo sisi wote kwa miaka kumi na mitatu tuliogopa kuliuliza: "Je, ulimsamehe Madam? Ni lini?"

Mwanzia alifikiri. "Mimi na huyu mama mpaka leo hatukubaliani kuhusu siku ile," alisema. "Yeye anasema kulikuwa na mawingu. Mimi nasema jua lilikuwa linawaka. Tumeacha kubishana." Darasa lilicheka. Akangoja linyamaze. "Kusamehe nilisamehe. Si pale barazani, siku hiyo bado nilikuwa na hasira. Ilikuja polepole. Siku yenyewe, kusema ukweli, siikumbuki."

Bi. Ansuya aligeuka akachukua kifutio, akaanza kufuta ubao. Ubao ulikuwa hauna kitu. Aliufuta kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

Bi. Ansuya, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wanachuo wa Mugutha, asante. Ulitufundisha jinsi akili inavyofanya kazi, na ulipoona yako imemdhulumu mtu, hukuificha. Kuanzia kesho hakuna kengele itakayokuamsha. Pumzika nyumbani Thika, uwe na afya, uzungukwe na wanaokupenda, na kila siku unayoamka ikukute na furaha. Sisi unaotuacha hapa tunakutakia maisha mema, na mlango wa Darasa la Nne ni wako siku yoyote.

Warigia Muriithi
Idara ya Lugha