Kisanduku cha Ufunguo

Sikilizeni, wanangu. Exaucé, vuta kiti ukae, acha kusimama mlangoni kama mtu anayengoja teksi; Carmel, zima hiyo simu; na wewe Glody, kitindamimba wangu, sogea karibu na kichwa changu, maana mengi ya leo yanakuhusu wewe. Shekinah naye abaki. Najua Kiswahili changu kinampita huyu mjukuu, mama yake Carmel atamweleza baadaye, lakini mimi Jeannine, mjane wa Gaston, sitayasema maneno yangu ya mwisho kwa Kiingereza, lugha ambayo sijawahi kumwombea mtu Mungu. Pumzi yangu ni haba, kwa hiyo asinikatize mtu.

Jana asubuhi, nikiwa nimelala hapa hapa sebuleni mliponilaza, nilisikia drili getini. Nikauliza ni nini, Glody akanijibu, "Mama, tunatengeneza kengele." Kengele ya nyumba hii haijawahi kulia tangu tuhamie, wala hakuna aliyeihitaji, watu wetu wanagonga geti kwa sarafu au kwa jiwe, nasi tunatoka. Leo Shekinah, ambaye bado hajafundishwa kudanganya, ameniambia kwamba ni kisanduku cha chuma chenye namba, cha kuwekea ufunguo wa wageni wa kulipa. Kisha akanionyesha picha kwenye simu yake, kwa furaha kabisa, akiniita bibi kwa lugha ya huku: "Gogo, ona chumba chako kilivyo kizuri." Nikaona. Mlikipiga picha chumba changu nilipokuwa hospitali. Mmetandika shuka jeupe, mmekunja taulo likawa mfano wa bata, na cherehani yangu, ile iliyowalisha na kuwasomesha wote watatu, mmeisogeza dirishani mkaiwekea juu yake chupa ya maua makavu. Eish, wanangu!

Hamkungoja hata nifunge macho. Na mimi nimekwisha kukaa katika nyumba ya namna hiyo, najua inavyonuka, ndiyo sababu nimewaita.

Exaucé, uliponialika kwako Uingereza ulisema tutakwenda kupumzika mashambani, katika kijumba cha mawe ambacho Waingereza wanakodi wakati wa likizo. Tangu siku zile umekuwa ukiwasimulia ndugu zako kwamba Mama alikutia aibu, Mama hana shukrani, na wewe na mimi tukawa tunaongea kwa simu kama watu wa ofisi. Leo nitaisimulia mimi safari ile, nawe utanyamaza.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kulala kwa watu. Kwetu Uvira, kule ziwani, hatuendi kulala kwa watu mikono mitupu. Nilichagua kitenge kizuri, nikakipinda kingo kwa mkono, nikafunga na ndagala, dagaa wa ziwani, niliowaficha ndani ya valise tangu hapa Johannesburg, vyote kwa ajili ya mama mwenye nyumba. Tulipofika mvua ilikuwa inanyesha. Nikakaa juu ya ukuta mfupi mbele ya mlango, zawadi yangu mapajani, nikimngoja mwenye nyumba atoke atukaribishe, na wewe huko unabonyeza namba kwenye kisanduku ukutani, unatoa ufunguo. Mlango ukafunguka, ukaniita. Nikakuambia siingii nyumbani kwa mtu ambaye hajaniona uso. Ulicheka, kisha ukakasirika, nami mwishowe nikaingia kwa sababu ya baridi.

Ndani kulinuka mbwa. Mbwa wa wageni waliotutangulia walikuwa wamelala juu ya makochi, manyoya yao yakaning'ang'ania kwenye sketi, na karatasi iliyobandikwa jikoni ilisema bila haya kwamba mabakuli ya mbwa yanaruhusiwa katika mashine ile ile inayoosha sahani za watu. Chooni wametandika zulia. Zulia, wanangu, chooni, tena lenye unyevu, nami nilikuwa nikiingia kwa ncha za vidole huku nimekunja uso. Mlangoni yamepangwa mabuti ya mpira yaliyobaki na jasho la miguu ya watu nisiowajua, eti nivae niende kuangalia kondoo. Na ule moto! Mimi niliyekimbia kuni na moshi tangu usichana wangu, mwanangu alilipa pesa ili nipulize kuni, machozi yakinitoka, naye akanipiga picha nikipuliza, akasema, "Mama, hii ndiyo raha yenyewe." Raha gani hiyo?

Lakini hayo yote ningeyavumilia, ningerudi nikayacheka na wenzangu kanisani. Kilichonichafua roho kilikuwa ukutani. Palikuwa na picha ya bibi mmoja wa Kizungu, amekaa kwenye meza ile ile tuliyolia chakula, anamenya njegere. Fimbo yake ya kutembelea wameigongomea juu ya mlango iwe pambo. Biblia yake wameiweka rafuni na juu yake chupa ya maua makavu. Mwanamke mmoja anayekuja kufagia alipofika nikamwuliza, Exaucé akatafsiri: bibi huyu yuko wapi nimpe zawadi yake? Akajibu kwamba amekufa, tena katika chumba kile nilichopewa mimi, juu ya kitanda kile kile. Wanawe wanaishi London. Baada ya maziko walikuja na makopo ya rangi, wakapaka kuta, wakafungia vitu vya mama yao katika kabati chini ya ngazi, vile vinavyopendeza macho wakaviacha nje kwa ajili ya wageni, wakatundika kisanduku, wakarudi kwao. Kitanda kile sikukilalia tena. Nilijifunga blanketi nikawa nalala kwenye kiti, na Exaucé akaniambia ninaharibu likizo ya watu.

Nikatoka kutazama kijiji. Kila ukuta una kisanduku chake, madirisha meusi, kanisa limefungwa kwa kufuli. Nikamwuliza tena yule mwanamke: hapa mtu akifa, watu wanakaa wapi kumlilia? Akajibu kwamba yeye mwenyewe haishi pale, anakuja kwa basi. Mezani kulikuwa na kitabu ambamo kila mgeni ameandika jinsi alivyofurahia utulivu wa mahali pale, kurasa kwa kurasa, utulivu, utulivu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za bibi mwenye njegere.

Siku ya kuondoka nilikiacha kitenge changu na wale ndagala chini ya picha yake, kwa kuwa zawadi ya mwenye nyumba hairudishwi. Nikiwa bado kwa Exaucé, posta ikakileta katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi: mgeni amesahau nguo, na samaki wametupwa kwa sababu ya harufu. Hapo ndipo mwanangu aliposhikwa na aibu, aibu ya harufu ya ndagala!

Nipeni maji kidogo. Basi. Inatosha.

Sasa tuje kwenye nyumba hii. Carmel, wewe ndiye uliyeandika lile tangazo, Shekinah amenisomea: nyumba tulivu ya kilimani, mtaa wa Observatory. Tulivu tangu lini, mwanangu? Wewe mwenyewe uliwahi kusomea mtihani wako jikoni kwa majirani kwa sababu hapa uani watu walikuwa wanaimba matanga. Mnajua jinsi ndugu zetu wanavyoishi kule Hillbrow, familia kadhaa katika fleti moja wakigawana chumba kwa mapazia. Mtu akifiwa kule, pa kuweka viti hapana, mlinzi wa jengo anakataza nyimbo, wanawake hawana pa kuinjika sufuria. Kwa hiyo wanakuja hapa. Baba yenu Gaston alipoiona nyumba hii hakutazama vyumba, alitazama uwanja, akasema hapa turubai linatosha. Yeye alikuwa mlinzi, mimi mshonaji, tuliinunua kwa kujinyima, na wa kwanza kuliliwa katika uwanja wake hakuwa ndugu yetu.

Alikuwa kijana anaitwa Bakiri, mlinzi mwenzake Gaston. Hakuwa na mtu katika nchi hii. Mamie, yule msusi wa Hillbrow, alizunguka saluni zote akiwaita watu, magari yakapanga mstari mpaka kwenye taa za barabarani, zile za robot, watu wakamlilia kijana ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Mama yake alikuwa Uvira. Gaston aliiweka simu juu ya kiti katikati ya uwanja, sauti ikiwa juu, na mama yule akalia pamoja nasi, sisi tunaimba, yeye anaitikia kwenye kiti kile. Glody, ulikuwa mdogo, uliniuliza kwa nini watu wanakipigia kiti magoti. Umesahau? Mimi sijasahau. Na sasa unataka kuzitoa sufuria na viti vya matanga gareji, upake rangi, ili watu wasiojulikana waje na mbwa wao walale juu ya machozi ya mama yule, kisha waandike kwamba walifurahia utulivu. Kinyaa! Natamka mbele yenu, na Mungu ananisikia: kinyaa.

Haya, shikeni. Nyumba ni yenu watatu kwa usawa. Glody ndiye atakayekaa humu, na atakayekaa ndiye atakayefungua geti. Exaucé, hutadai chumba kwa mbali. Carmel, tangazo lile ulifute leo kabla hujala. Hakuna atakayempa mtu kitanda cha nyumba hii kabla hajamtazama usoni na kumwuliza habari za kwao. Mkiona mzigo umewalemea, msiuze wala msikodishe. Wakabidhini Mamie na wale wanawake wa matanga, nanyi mtakuja kama wageni, nao watawapokea, maana wao wanajua kupokea. Cherehani yangu iondoleeni yale maua, ni ya Shekinah. Atajifunza kuishonea, si kuitazama.

Na mimi nililiwe hapa, kwa kelele. Glody atapita kwa majirani kuwaomba radhi mapema. Kile kitenge kilichorudishwa kipo katika kabati, upande wa kushoto, bado kimo katika plastiki yao. Mnifunike nacho. Kilikuwa zawadi ya mama mwenye nyumba, basi kimfikie.

Glody, chukua bisibisi ukaking'oe kile kisanduku. Ndiyo, sasa hivi. Carmel, fungua dirisha, nataka kusikia.

Exaucé, lete mkono. Usilie. Nilikukasirikia sana, nami nakupenda, hayo mawili yamekaa pamoja humu ndani muda mrefu. Mungu akulinde kule kwenye baridi, na popote utakapobisha hodi akutane nawe mtu, si namba. Carmel, binti yangu, ulipewa akili nyingi, Bwana akupe na moyo wa kukaa na watu. Shekinah... mtoto wa kusema kweli... ubarikiwe hivyo hivyo. Gaston aliyevuka ziwa nami... namuona... hapana, bado.

Skrubu zinalia. Nazisikia. Zimekaa siku moja tu, mbona zimeshika hivyo?

Umerudi, Glody. Ndicho hiki? Kidogo hivi. Usikiweke kitandani, kiweke chini... mbali. Inama nikushike kichwa. Ubarikiwe, wewe mlinda geti wangu. Mikono yako isi... isichoke kufungua.

Nyamazeni kidogo.

Kuna anayegonga. Sarafu hiyo, kwenye chuma. Labda ni Mamie... labda mtu amefiwa. Nendeni. Wote. Mimi nitabaki na Shekinah.

Mwambieni karibu. Mwambieni... mwenye nyumba yupo.