Unakimbia Nini, Mama Kashindi?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana wale wa nyuma sikuwasikia. Mukae muzuri, ushuhuda wangu ni murefu. Muchungaji amenionya nisitaje wapendwa kwa majina, na sitawataja. Lakini mama prezidanti wa wamama, mimi ninakuangalia wewe.

Kwa wageni wetu waliotoka Kasongo na Nyangwe, mimi ni Mama Kashindi, mushonaji wa hapa Wamaza. Nguo za kwaya munazoziona pale mbele nilizishona mimi. Kazi yangu ni kukaa. Asubuhi ninakaa kwenye mashini, muchana ninakula, halafu ninakaa tena. Na kula, ndugu zangu, sitasema uongo ndani ya kanisa: ninapenda sombe iliyolala, yale majani ya mihogo ya jana, mawese yamepanda juu yake mekundu, pamoja na wali wa muchele mupya. Sijui kwa nini mutu ale sombe ya leo wakati ya jana ipo.

Dada yangu mukubwa alikuwa vilevile. Siku moja alianguka mbele ya mafiga, upande mumoja wa mwili ukakufa. Alilala kwenye mukeka mpaka Bwana akamuchukua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimulisha kwa kijiko. Basi kichwa changu kilipoanza kuuma na macho kuona giza, sikungoja. Nilipanda pikipiki mpaka Kasongo. Munganga akafunga mukono wangu, akapuliza ile mashini yake, akatikisa kichwa. Tansio, damu inapanda. Akaniandikia dawa, akakataza chumvi, akanipunguzia mawese yangu, halafu akasema kila asubuhi nikimbie. Alisema vile kama mutu anayekuambia ufunge mulango. Hakuniuliza hata ninaishi wapi.

Asubuhi ya kwanza nilifunga kiunoni liputa yangu ya kitenge, nikavaa viatu vya mutoto wangu Kashindi, nikashika barabara. Mwanzoni mwili ulikataa. Halafu, nilipofika kwenye mashamba ya mihogo, pumzi ikafunguka, baridi ya ukungu ikanipiga usoni, na nikasikia kitu ambacho sikukisikia tangu nikiwa mutoto wa shule, wakati nilipokuwa nikiwashinda wavulana wote. Munganga alisema ni dawa. Mimi niwaambie ukweli, ilikuwa tamu!

Sikufika mbali. Mama mumoja aliyekuwa akifagia akaacha ufagio, akashika kichwa, akauliza nani amekufa. Nikamuambia hakuna. Hakuniamini, akaanza kulia mapema ili asichelewe. Mbele kidogo mutu wa pikipiki akasimama, akaniambia nipande haraka, atanipeleka bure kwa sababu ni matatizo. Nikakataa. Akaniuliza:

— Mama, unakimbia nini?

— Ninakimbia tansio.

Akaangalia nyuma yangu, akawasha pikipiki.

— Na hiyo tansio iko mbali, ama imeshafika hapa karibu?

Hakungoja jibu. Aliondoka kwa mwendo ambao sijauona tena kwenye barabara yetu.

Ndugu zangu, muelewe shida yangu. Kwa Kiswahili chetu neno ni hilo moja tu. Mutu anayefuata mupira, anakimbia. Mutu anayetoroka risasi, anakimbia. Na hapa kwetu, tuseme ukweli mbele za Bwana, tangu miaka mingi mutu muzima hakimbii kwa ajili ya kitu kizuri. Tukiona mama anakimbia na liputa, hatumuulizi anakwenda wapi. Tunauliza anakimbia nini, na hapohapo tunatafuta watoto.

Nikafikiri, basi ni liputa inayowatisha. Na mimi si mushonaji? Nikajishonea nguo pana, chini imegawanyika kidogo tu, ukisimama ni sketi kabisa. Jumapili ile mama prezidanti akaniita nyuma ya kanisa. Eti ni pantalo, suruali ya wanaume! Eti mama aliyeokoka havai pantalo! Nikamuambia ni mambo ya dawa. Akasema dawa inamezwa. Nikarudia liputa yangu. Munaona hali hii? Nikivaa pantalo, ninakosea kanisa. Nikivaa liputa, muji muzima unafungua mbuzi na kufunga mizigo. Sasa mutu avae nini, Yesu wangu?

Na huyu bwana wangu, Baba Kashindi, anayecheka pale kwenye benchi ya wanaume! Wageni hawamujui. Huyu ndiye mutangazaji wa mupira wa hapa. Timu yetu ikicheza na Lusangi, anazunguka na megafoni tangu asubuhi kuwaita watu, na mechi ikianza anatangaza kila pasi mpaka sauti inakauka. Ana jezi ya njano ya timu. Mimi ninaifua, lakini sina ruhusa ya kuipiga pasi, eti nitaiunguza. Mutu kama huyo ndiye aliyeniambia kwamba mbio zangu zinamuletea haya. Jameni! Mwanaume akipiga kelele kwa sababu ya watu wanaokimbia, ni mupenzi wa mupira. Muke wake akikimbia mwenyewe, ana pepo!

Sasa tufike kwenye ile siku ya soko. Munaikumbuka, musijifanye.

Ukungu ulikuwa muzito. Nilikuwa ninashuka kilima cha kuingia sokoni, miguu imeamka vizuri, nikaongeza mbio kwa sababu ya raha tu. Liputa ikaanza kufunguka, nikaishika kwa mukono mumoja. Wamama waliokuwa na mabeseni ya mihogo wakaniona ninatoka kwenye ukungu vile, nimeshika liputa, mudomo wazi. Beseni la kwanza likaanguka. Nikainua mukono, nikapaza sauti niwatulize: hakuna kitu, ninakimbia tu! Ndugu zangu, katika maneno yangu yote walisikia "kimbia" peke yake.

Soko likavunjika. Wachimbaji wa dhahabu waliokuwa wakinunua chumvi walipita juu ya meza. Mutumishi mumoja wa Mungu, ambaye simutaji, alinipita na kiatu kimoja. Na mimi, nilipoona watu wote wanakimbia, nikasema moyoni, kumbe kweli kuna kitu nyuma yangu! Nikashika njia pamoja nao. Mimi niliyewakimbiza ndiye niliyeingia pori kati ya wa kwanza.

Tulikaa chini kwenye majani yenye maji, kimya, wamama wamewaziba watoto midomo. Baada ya muda wazee wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo nani ameona nini. Huyu alimuona yule akikimbia, yule alimuona mwingine. Maulizo yakazunguka, yakazunguka, mpaka yakafika kwangu. Watu wote wakanigeukia. Nikawaambia nilikuwa ninafanya mazoezi.

Hakuna aliyenipiga, na kwa hilo ninamushukuru Mungu. Lakini Bibi Sifa, muzee wetu wa karibu na soko, alikuwa bado amekaa chini, wengine wameshasimama. Alikuwa amekumbatia mutoto, na mutoto hakuwa wa kwao, alimunyanyua yule wa kwanza aliyemuona. Bibi Sifa alikimbia wakati wa vita mara nyingi kuliko wengi wetu hapa, na mara moja alifika pori mikono mitupu. Hayo yeye hayasemi. Aliniangalia, akasema polepole:

— Mutoto wangu, cheza na kitu kingine. Usicheze na mbio.

Maneno yale yaliniingia kuliko matusi yote ya soko. Shefu, mukubwa wa muji wetu, alipokataza nisikimbie tena ndani ya muji, sikubisha. Ningebisha nini? Nikarudi kwenye mashini yangu. Halafu wakaja wamama wa maombi kufunga pepo ya mbio. Walinishika kichwa, wakakisukuma chini, wakapiga kelele ndani ya masikio yangu, itoke, itoke! Na mimi nilikuwa ninaisikia tansio inapanda kwa kila "itoke". Ninawapenda, ndugu zangu. Lakini mukija kumuombea mutu wa tansio, muombe kwa sauti ya chini, tafadhali.

Nikakaa. Mvua zikaharibu njia, dawa zikaisha, kichwa kikarudi kuuma. Asubuhi moja nilikuwa ninapitisha uzi kwenye sindano, mukono wa kuume ukaniacha. Niliuona pale juu ya kitambaa kama mukono wa mutu mwingine. Nikataka kumuita Baba Kashindi, mudomo ukatoa sauti isiyo na neno. Nikaanguka pembeni ya mashini. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana. Nilimuona dada yangu na kile kijiko. Nikalia moyoni: Bwana Yesu, sikuombi mali, sikuombi nyumba ya mabati. Nirudishie miguu yangu.

Bwana wangu alinikuta chini. Akashika ule mukono, akausugua, akausugua, anaomba na analia, mwanaume muzima. Na Bwana akasikia! Vidole vikaanza kurudi kimoja kimoja, halafu mudomo. Maneno yangu ya kwanza yalikuwa kumuambia asikanyage kitambaa cha kwaya. Akacheka na machozi yake, akajua nimerudi.

Ilikuwa siku ya mechi, na hakuenda uwanjani. Alinifunga nyuma yake kwenye pikipiki ya jirani, tukasukuma matope mpaka Kasongo. Munganga akanipa dawa, akanigombeza. Tukamueleza habari ya shefu na ya soko. Halafu akasema nianze kwa kutembea, baadaye nikimbie polepole, lakini nikiendelea kukaa nitakwenda njia ya dada yangu. Alimuambia Baba Kashindi, siyo mimi.

Nilitembea mpaka mwili ukapata nguvu. Halafu jioni moja Baba Kashindi akachukua megafoni yake, akatoka bila kuaga. Nikasema, haya, mupira umemuita, miujiza imekwisha. Kumbe alikwenda kwa shefu. Walisemezana nini, mimi sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilisikia sauti yake inaanzia upande wa soko, ile sauti ya kutangaza mechi:

— Wapenzi wasikilizaji! Kesho asubuhi Mama Kashindi atakimbia. Anakimbia kwa sababu ya ugonjwa wake, na kwa raha yake. Yeye atakimbia. Ninyi musikimbie!

Akarudia kwenye kila njia panda. Nilikaa mulangoni, nikalia. Niliona haya kumuambia mutu yeyote kwamba nilikuwa ninasikia raha, nilificha hata kwake. Sasa yeye analitangaza neno lile kwa megafoni, na dunia haikuanguka.

Asubuhi alinivalisha jezi yake ya njano juu ya liputa. Ile ile ambayo haipigwi pasi! Mama prezidanti akakosa la kukemea, maana liputa ilikuwepo. Muji ukakosa la kuogopa, maana nani anakimbia vita na jezi ya mupira, na bwana yake nyuma juu ya baiskeli? Na huyo bwana, jameni, hakufunga kinywa. Mama Kashindi anapita kwenye kanisa! Mama Kashindi anapunguza mwendo! Anamuangalia mutangazaji kwa hasira! Nilimuambia anyamaze, naye akalitangaza hilo pia.

Watu walisimama milangoni. Wengine walikuwa bado wameshika watoto mukono, niliwaona. Halafu mama mumoja akacheka, mwingine akapiga makofi, na watoto wakaachiliwa wakanifuata. Nilifika mpaka kwenye daraja, nikageuka, nikarudi kwa njia ileile. Bibi Sifa alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake. Alikuwa ameningoja. Akaniambia:

— Tangu vita nimeona watu wengi wakikimbia kwenda. Wewe ndiye wa kwanza ninayemuona anakimbia na anarudi.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa Bwana amenitoa wapi. Nilifikiri ninamuomba kitu kidogo cha mwili wangu. Kumbe ni kitu ambacho sote tulinyang'anywa, na hakuna aliyekumbuka kukidai.

Leo munganga wa Kasongo akipuliza mashini yake, tansio imeshuka, na dawa ninameza. Sombe ya jana bado ninakula, mawese kidogo, na huzuni kidogo. Wamama wengine walijiunga na mimi, na mama prezidanti anakimbia pamoja nasi na analalamikia goti lake njia yote, tunamuvumilia kwa upendo. Wamama wa maombi wanaomba baada ya mbio, wakiwa hawana pumzi ya kupiga kelele. Utukufu kwa Bwana!

Aksanti Yesu, na aksanti Baba Kashindi, ingawa jezi hutarudishiwa. Na wewe uliyekaa hapa, ukiwa na kitu kizuri ambacho woga ulikuchukulia, usione haya kumuomba Mungu kwa sababu ni kidogo ama kwa sababu ni raha. Mutumaini. Miguu ni yeye aliyeiumba, anajua iliumbwa kwa ajili ya nini.

Ninataka mumuone Bibi Sifa, yule pale nyuma karibu na mulango. Musimuambie asimame, amechoka. Asubuhi ya leo alifunga liputa yake vizuri, akakimbia kutoka mulango wake mpaka kwa jirani, anacheka peke yake, halafu akarudi nyumbani kwake.