Msusi Ambaye Hakulia

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka muuguzi. Wagonjwa walimwita Mama Sindano. Alikuwa anakuchekesha, ukija kushtuka ameshakuchoma. "Baba zima na ndevu zako, sindano tu unanikunjia uso?" Ndivyo alivyokuwa.

Tungeweza kuishia kwenye kicheko. Kaka yake ndivyo alivyotaka. "Aibu ya nyumba haitolewi nje," aliniambia. Lakini binti wa marehemu akamkatiza: "Mjomba, mama mwenyewe ameniusia. Mkinisifu, semeni na la msusi."

Basi nasema. Asubuhi moja msusi wa saluni alifika zahanati. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amebakwa. Alikuja amechana nywele, amepaka mafuta, anaongea taratibu. Na Mama Sindano alikuwa na kipimo chake: machozi. Anayelia, kabakwa. Asiyelia, ana yake.

"Mwanangu, waliobakwa nawajua," akamwambia. "Mmegombana na bwana, siyo?"

Akampa dawa ya maumivu, akamwita mwingine. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ilikuwa kabatini, nyuma ya mgongo wake. Narudia, wapendwa: dawa ilikuwepo. Hakuitoa. Na dawa hiyo haingoji. Huanzwa upesi, ndani ya siku tatu. Zikapita.

Baadaye msusi akaolewa, akarudi zahanati na mimba kupima. Aliyemtoa damu ni Mama Sindano yuleyule. Majibu: ana virusi. Mumewe alipimwa, hana.

"Hunikumbuki?" msusi akamuuliza. "Si mimi niliyegombana na bwana!"

Binti anasema tangu siku hiyo mama alikula ameinamia sahani. Kazini, kila aliyesema amebakwa alielezwa dawa hapohapo, alie asilie. Akaenda saluni kuomba radhi mbele ya wateja. Msusi hakuacha kusuka. "Nimekusikia, mama," akasema. Basi.

Tusimtupie marehemu peke yake. Nani kati yetu hajawahi kuuliza, "Mbona hakupiga kelele?" Hicho nacho ni kipimo, na tunacho majumbani. Tuinamishe vichwa pamoja.

Kaka mtu, binti, ndugu wote, poleni. Mmempoteza mtu aliyetibu wengi, na Mungu ampokee.

Msusi nilimpigia kumwomba ruhusa. Akanijibu, "Semeni yote, kaka. Ila msije mkasema nilimsamehe."

Sijasema.